Mgeni katika hadithi ya mwenzio: Kunga za kubuni wahusika na kuchanganya visasili

Kuna swali ambalo nimeulizwa na walimu wa Kiswahili wa Kibera na wa Kawangware, kila mmoja kwa namna yake. Mwanafunzi ameambiwa abuni kisa. Anamchukua T'Challa, mfalme wa Wakanda, anampakia kwenye matatu ya nambari 46, anamshukisha Kawangware na kumnunulia mutura kando ya barabara. Je, huu ni ubunifu au ni wizi? Na je, kazi kama hiyo ipewe alama?

Swali hili si la mzaha. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili aliandika kisa cha aina hiyo, kurasa tisa za daftari, mbele na nyuma. Kilirudi kwake na neno moja la wino mwekundu: "Umenakili." Nimezisoma kurasa hizo zote tisa. Hakunakili. Wakanda ni ya wenyewe, ndiyo, lakini msichana anayeongoza kisa kile hayumo katika filamu yoyote wala katika kitabu chochote. Kinachonikera ni kwamba tangu alipolisoma neno lile hajaandika kisa kingine. "Si mlisema ni wizi?" ndilo jibu lake.

Katika makala haya nataka kuonyesha mambo matatu: kwamba uandishi wa namna hii una mizizi katika fasihi yetu, kwamba una kanuni zake, na kwamba kijana anayeufanya vizuri amefanya kazi ngumu kuliko tunavyodhani.

Jina lake ni lipi?

Uandishi huu, ambapo msomaji au mtazamaji anachukua wahusika na ulimwengu wa kazi anayoipenda na kuandika kisa chake mwenyewe ndani yake, haujapata istilahi iliyokubalika katika Kiswahili. Mimi hutumia "hadithi za mashabiki". Neno shabiki tumelizoea viwanjani. Shabiki ni mtu asiyecheza lakini matokeo yanamuuma. Katika hadithi za mashabiki, mtu huyo anaruka ua na kuingia uwanjani, tena na mpira wake mkononi.

Tofauti ya shabiki na mwizi wa kazi za watu iko hapa: mwizi huficha alikotoa, shabiki hukutangaza. Anayenakili insha ya mwenzake huomba Mungu mwalimu asiijue ile ya kwanza. Anayeandika kuhusu T'Challa anataka uijue, kwa sababu usipoijua hutaona alichoongeza. Wahakiki wanaita uhusiano huu mwingilianomatini, yaani matini moja kuzungumza ndani ya nyingine. Tunaufundisha chuo kikuu kwa heshima kubwa, kisha tunaupiga mstari mwekundu katika Kidato cha Pili.

Hatukuanza leo

Hebu tumtazame Abunuwasi. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9. Alipofika pwani yetu kupitia masimulizi, watu hawakumwacha kama alivyokuwa. Walimfanya mjanja wa mtaa, wakamtungia visa ambavyo mshairi yule hakuviota, hata leo mtoto wa Lamu au Unguja anamcheka Abunuwasi bila kujua kwamba aliwahi kuwa mtu mwenye diwani yake.

Au mtazame Bwana Msa wa Muhammad Said Abdulla. Mwandishi huyu wa Zanzibar aliibuka mshindi katika mashindano ya uandishi ya 1957-58, na riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ikachapishwa 1960. Anayemjua Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle atamtambua mara moja babu yake Bwana Msa: kiko mdomoni, akili kali, na rafiki, Najum, anayefuatana naye kama Watson alivyofuatana na Holmes. Lakini je, Abdulla alinakili? Holmes hakuwahi kusimama mbele ya mzimu wa wahenga. Katika Kisima cha Giningi (1968), jina lenyewe linatoka katika imani za Visiwani kuhusu Giningi, mji wa wachawi usioonekana kwa macho ya kawaida. Abdulla alichukua mpelelezi wa London na kumweka katika ulimwengu wenye Giningi. Kila imani inapodai kwamba ni mambo ya mizimu, Bwana Msa anautafuta mkono wa binadamu. Mvutano huo ndio riwaya yenyewe.

Kyallo Wadi Wamitila naye katika Bina-Adamu! (2002) alimleta Peter Pan, yule mtoto asiyetaka kukua wa J. M. Barrie, akamgeuza kuwa ishara ya nguvu zinazoichezea dunia. Hatumwiti Wamitila mwizi. Tunamwita mwanariwaya wa majaribio.

Na mtu akisema hayo ni ya vitabuni, nitamwambia atembee mtaani. Waliokulia Kibera na Kawangware wanaijua sauti ya DJ Afro, anayesimulia filamu za ng'ambo kwa Kiswahili na Sheng juu ya sauti za waigizaji. Tanzania walikuwa na Lufufu, na Uganda wana wasimulizi wao wanaoitwa VJ. Wasimulizi hawa hutafsiri, lakini pia huongeza utani na maoni, na humwonya jambazi kana kwamba anasikia. Msimulizi anakuwa mhusika mpya ambaye mwongozaji wa filamu hakumwajiri. Kijana aliyelelewa na sauti hizo kwenye vibanda vya kuonyeshea filamu amefunzwa tangu utotoni kwamba hadithi ya mtu mwingine ina nafasi ya kuingilia. Filamu ya Likarion Wainaina, Supa Modo (2018), imelionyesha jambo hili vizuri: mtoto Jo, mgonjwa asiyetarajiwa kupona, anapenda filamu za mashujaa, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu ambayo shujaa wake ni yeye.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe

Sasa tuje kwenye kunga. Mhusika unayembuni na kumwingiza katika ulimwengu wa mwenzio mimi humwita mhusika mgeni, na methali zetu mbili za mgeni zinatosha kumfundisha mwandishi chipukizi karibu kila kitu.

Ya kwanza ni "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni lazima alete kitu ambacho wenyeji hawana. Nirudi kwa kisa cha msichana wetu. Katika filamu ya Black Panther, iliyotoka 2018 na kuonyeshwa Kisumu kwa heshima ya Lupita Nyong'o, Wakanda imewekwa huku kwetu Afrika Mashariki, lakini lugha inayosemwa ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Msichana akajiuliza swali ambalo mabingwa wengi hawakuuliza: majirani wetu hawa, mbona hakuna hata mmoja anayesema Kiswahili? Jibu lake ni kisa. Amembuni msichana wa Laini Saba, mjukuu wa bibi Mnubi, ambaye amezoea kuwafasiria wanunuzi na wauzaji kule soko la Toi kwa lugha nne. Wakanda inapofungua milango kwa dunia, inagundua kwamba ina vyuma vya ajabu lakini haina mkalimani. Hapo wanamhitaji. Mfalme ana jeshi, ana dada mvumbuzi, ana vazi lisilopenya risasi, ila hawezi kumwelewa mama mboga. Mgeni amekuja, mwenyeji amepona.

Ya pili ni "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mhusika mgeni hawezi kukaa sebuleni akisifiwa. Wengi hukosea hapa. Wanabuni msichana mrembo kuliko wote, hodari kuliko wote, ambaye T'Challa anampenda siku ya kwanza na adui anamwogopa siku ya pili. Kosa hili lina historia. Mwaka 1973 Mmarekani Paula Smith aliandika kisa kifupi cha kuwacheka mashabiki wa Star Trek, akambuni luteni Mary Sue wa umri wa miaka kumi na tano na nusu anayeweza kila kitu, na jina hilo limebaki kuwa la wahusika wote wa aina hiyo. Mimi nawaita akina Bi Kamili. Bi Kamili halimi, ndiyo maana hatumpendi.

Dawa yake ni kumpa mgeni mambo matatu kabla ya kuanza kuandika. Kwanza, haja yake mwenyewe isiyotegemea wenyeji. Mkalimani wetu anataka pesa za kumtoa bibi yake hospitalini. Wakanda ni kibarua tu kwake. Pili, upungufu unaoumiza. Yeye hufasiri maneno vizuri, lakini akiogopa hubadilisha ujumbe ili watu wasigombane, na siku moja ujumbe aliobadilisha unaleta hasara. Tatu, alama anayoiacha. Ukimwondoa katika kisa na kisa kikaendelea vilevile, basi hakuwa mhusika, alikuwa pambo.

Kuhusu upungufu, hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza. Mashujaa wetu wote wamewekewa tundu. Fumo Liyongo hadhuriki na silaha, ila sindano ya shaba kitovuni, na anayeishika sindano hiyo ni mwanawe. Lwanda Magere wa Wajaluo ana mwili wa jiwe, lakini uhai wake umo kivulini, na anayeigundua siri ni mke aliyetoka kwa adui. Wazee waliotunga visa hivi walijua kwamba nguvu isiyo na tundu haina hadithi. Tena angalia ni nani anayelijua tundu: mwana, mke. Udhaifu wa shujaa unakaa karibu na mapenzi yake.

Visasili si viungo vya pilau

Jambo la pili linalowavutia vijana ni kuchanganya masimulizi ya jadi na ulimwengu wa filamu na katuni. Hapa inafaa tutenganishe istilahi. Kisasili ni simulizi la asili ya mambo, ambalo jamii imelichukua kuwa kweli takatifu, mathalan Gikuyu na Mumbi huko Mukurwe wa Nyagathanga. Kisakale ni simulizi la shujaa au tukio linalodaiwa kuwa la kihistoria, kama la Liyongo au Lwanda Magere. Hurafa na ngano za mazimwi ni jambo jingine tena; hizo zilisimuliwa ili watoto wafurahi na kufunzika. Kijana akivitia vyote chungu kimoja, atampa zimwi heshima ya muumba na kumpa muumba vituko vya zimwi.

Filamu zenyewe huchanganya sana. Wakanda inamwabudu Bast, ambaye asili yake ni Misri ya kale, na watu wa Jabari wanamtaja Hanuman, ambaye ni wa Wahindi. Kwa hivyo asije mtu akatuambia kwamba Simbi Nyaima haiwezi kuingia. Suala ni namna ya kuingia.

Kanuni ya kwanza: ichukue sheria ya kisa, usichukue jina tu. Simulizi la Simbi Nyaima, ziwa lililo karibu na Kendu Bay, linasema kwamba watu walikuwa kwenye sherehe, akaja mwanamke mkongwe kuomba hifadhi, wakamfukuza. Mmoja tu alimhurumia. Mkongwe alimwambia aondoke, kisha kijiji chote kikazama. Sheria yake ni kwamba anayekataa mgeni anamezwa na maji. Sasa mtu wa Kibera anaishi karibu na Nairobi Dam, bwawa ambalo zamani watu walilifanyia mashindano ya mashua na leo limefunikwa na magugu na taka. Mlete yule mkongwe Silanga usiku wa mvua, abishe mlango hadi mlango. Nani atafungua? Na kama shujaa wa filamu yuko mtaani usiku huo, ngumi zake zitamsaidia nini dhidi ya maji yanayopanda kwa sababu ya roho mbaya za watu? Hapo umechanganya kweli. Lakini ukimwita roboti wako "Nyaima" kwa sababu jina linasikika vizuri, hujachanganya kitu, umebandika.

Kanuni ya pili: kisasili kifanye kazi ya leo. Katika ngano za Wagikuyu, irimu huja kama kijana mtanashati kuposa, kumbe nyuma ya kichwa, chini ya nywele, ana mdomo wa pili. Kijana mmoja wa Kawangware amemfanya irimu kuwa mkopeshaji wa kwenye simu. Mdomo wa mbele unasema "Hongera, umefuzu!" na wa nyuma unakula riba, kisha unapigia jamaa zako wote kuwaaibisha. Nilipokisoma nilicheka, kisha nikanyamaza, maana mtaani deni la simu limevunja nyumba za watu. Kisa hicho kilikuwa ndani ya ulimwengu wa katuni ya Kijapani anayoipenda, na zimwi hakuonekana mgeni hata kidogo.

Kanuni ya tatu: uliza ni ya nani na bado inaaminiwa na nani. Kibera na Kawangware ni mitaa ya makabila mengi. Kile unachokiona wewe kuwa kisa cha kale, jirani yako huenda anakiona kuwa dua. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile (1969), alieleza wazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha sanaa, si yule wa historia ya Maji Maji mwenyewe. Tamko kama hilo lafaa sana. Na kabla ya kuandika, mwulize nyanya. Mbali na heshima, atakupa toleo ambalo huwezi kulipata kwenye simu.

Vipi kuhusu sheria?

Vijana huniuliza, "Mwalimu, tutashtakiwa?" Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda kazi ya fasihi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Conan Doyle alifariki 1930, kwa hivyo Holmes wake hapa kwetu yuko huru. Muhammad Said Abdulla alifariki 1991, kwa hivyo Bwana Msa bado ana wenyewe, sembuse T'Challa. Kuandika daftarini kujifunza na kusomeana ni jambo moja. Kuchapisha na kuuza bila idhini ni jingine. Tena masimulizi ya jadi nayo si shamba lisilo na mwenyewe. Tangu 2016 tuna sheria inayolinda maarifa ya kijadi na sanaa za kitamaduni, na inatambua haki za jamii juu ya mali hizo.

Basi mhusika mgeni ana faida nyingine. T'Challa ni wa kampuni, lakini mkalimani wa Laini Saba ni wa msichana aliyembuni. Siku akikomaa anaweza kumhamisha mkalimani wake, akamjengea nchi nyingine na mfalme mwingine, na kitabu kikawa chake mia kwa mia. Hadithi ya mashabiki ni kama nyumba ya kupanga: unajifunzia humo kuendesha maisha huku ukitafuta kiwanja chako.

Lugha gani?

Hili ndilo huleta ubishi zaidi kwa sisi wa Kiswahili. Je, tukubali Sheng? Msimamo wangu ni kwamba lugha imfuate mhusika. Msimulizi aandike Kiswahili sanifu, maana ndiye anayebeba kisa. Makanga aseme kama makanga: "Haya, wa 46 ni fifty, ingia tutoke!" Nyanya aseme kama nyanya, na Mkanda azungumze kwa utaratibu wa mtu aliyejifunza Kiswahili mezani. Katika kisa cha mkalimani, tofauti hizi si urembo. Kisa chenyewe ni kuhusu lugha. Mfalme anaposema "Naomba kupita" na vijana wa reli wanamjibu "Buda, hii mtaa si ya kila mtu," mkalimani ana sekunde mbili za kuamua atafasiri neno gani. Ukiyasanifisha maneno yote hayo, umemfuta mhusika na kazi yake.

Kwa mwalimu anayesahihisha, napendekeza vipimo vinne badala ya lile neno moja la wino mwekundu. Je, mwanafunzi ametaja kazi aliyotoka nayo? Je, mhusika wake mgeni ana haja, upungufu na alama? Je, kisasili kimeingia na sheria yake au ni jina tu? Je, kila mhusika ana ulimi wake? Mtaala wa umilisi unataja ubunifu kuwa mojawapo ya umilisi tunaopaswa kukuza. Vipimo hivi vinaupima ubunifu huo bila kumfumbia macho anayenakili kweli, kwa kuwa aliyenakili hataweza kujibu hata swali la pili.

Msichana yule bado ana daftari lake. Nimemwomba mwalimu wake alisome tena kwa vipimo hivyo, na amekubali.

Juma lijalo nitaangazia mazimwi: irimu, linani na wenzao, na kwa nini majina yao hayatafsiriki kwa neno moja la Kiswahili.